Kapu la wodi ya upasuaji: shajara ya mradi wa chakula na vidonda

5 Mei

Ruhusa imetoka. Barua ya mganga mfawidhi inasema mradi uendeshwe ndani ya wodi ya upasuaji hadi mwisho wa Julai, bila bajeti. Maneno "bila bajeti" yamepigiwa mstari. Sawa. Hatukuwa tumeomba makopo ya unga wa protini, na hata tungepewa yangekwisha kabla ya mvua zijazo, tukabaki na wagonjwa waliozoeshwa kitu kisichopatikana hapa Dodoma.

Kilichopo ni mizani, tepu za kupimia mzingo wa mkono kwa wasioweza kusimama, muda wangu baada ya kliniki ya watoto, na muuguzi kiongozi wa wodi, mama ambaye akishakubali jambo huna haja ya kulifuatilia.

Walioko vitandani: vijana wa bodaboda waliovunjika mguu mfupa ukatokeza nje, watu wa kisukari wenye vidonda vya unyayo, watoto walioungua kwa uji au chai ya moto, na mzee aliyeanguka kutoka juu ya mbuyu akapooza, ambaye sasa ana kidonda cha kulalia juu ya makalio kinachoingia ngumi. Vidonda vya namna nne, na kila kimoja kina mahitaji yake. Kinachoviunganisha ni kwamba vyote vinajengwa kwa kile kinachopita mdomoni.

8 Mei

Leo nimefanya hesabu ya sahani, na nadhani mradi mzima umo humu.

Mwongozo wa kimataifa wa vidonda vya kulalia, toleo la 2019, unataka mtu mzima aliye hatarini kupungukiwa lishe apate kalori 30 hadi 35 na protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Nikachukua mtu wa kilo 60 na ncha ya juu ya mwongozo: gramu 90 za protini, kalori 2,100.

Kisha nikaenda jikoni na mizani. Asubuhi kikombe cha uji mwepesi, protini gramu 3. Mchana ugali wa dona na maharage. Unga unaoingia kwenye ugali wa mtu mmoja ni kama gramu 150, una protini gramu 12. Maharage ni upawa mmoja usiojaa, gramu 8. Jioni vilevile. Jumla gramu 43, tena kwa mgonjwa anayemaliza sahani, na mwenye maumivu na homa hamalizi.

Kwa hiyo jiko la hospitali linafika nusu ya safari kasoro kidogo. Nusu nyingine inapita getini mikononi mwa ndugu. Kwa mganga mfawidhi nitaandika kwamba mradi huu ni wa muda wa kuona wagonjwa. Habari ya vitamini ni ya baadaye. Najua atakunja uso.

13 Mei

Nimekaa na mlinzi getini kuanzia saa sita na nusu mchana kuangalia kinachoingia. Wali mweupe kwenye hotipoti. Chipsi. Soda, nyingi mno. Juisi za pakiti. Glukosi ya kopo, ambayo sijui nani aliwaambia watu kwamba ni dawa ya mgonjwa, lakini hapa kumtembelea mtu bila glukosi ni kama kwenda msibani bila rambirambi. Chupa za chai zilizojaa supu.

Sukari si adui. Mwili unaojenga nyama mpya unahitaji nishati, na usipoipata huchoma protini kama kuni, ile ile iliyokusudiwa kujenga. Tatizo ni kapu zima kuwa sukari na wanga, na mgonjwa akishashiba soda hagusi maharage.

Supu niliiangalia kwa makini zaidi kwa sababu imebeba heshima. Kongoro au mifupa imechemshwa usiku kucha, mgonjwa anakunywa maji, nyama inarudi nyumbani kwa watoto. Ndani ya maji yale kuna chumvi, mafuta, na kolajeni iliyoyeyuka, protini ya ngozi na mifupa, ambayo haina triptofani kabisa, mojawapo ya asidi amino (matofali ya protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Wengi hudhani kolajeni ya supu inakwenda moja kwa moja kuwa kolajeni ya kidonda. Haiendi. Tumbo huivunja vipande vipande kama protini nyingine yoyote. Nimewaambia akina mama: supu iletwe, ila nyama yake ije nayo na iliwe hapa hapa.

14 Mei

Kapu jipya, kwa mtu yule yule wa kilo 60. Mayai mawili, gramu 12. Konzi ya dagaa wakavu wa Mwanza, gramu 20 kwenye mizani, wanatoa protini gramu 12 kwa sababu dagaa mkavu ni protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Maziwa nusu lita, gramu 16. Karanga konzi moja, gramu 7. Jumla 47. Ukijumlisha na 43 za jikoni unapata 90 kamili. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimejipendelea.

Karatasi itabandikwa getini na kwenye mlango wa wodi. Muuguzi kiongozi ameniambia nitoe neno "protini" niandike vyakula tu. Ameongeza kwa kalamu yake: "Soda ni ya mgeni, maziwa ni ya mgonjwa." Limebaki.

20 Mei

Miiko. Nilijua itakuja.

Bibi anayemuuguza mjukuu wake wa bodaboda amerudisha mayai. Nikaenda kitandani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Usinilaumu. Mayai na maharage yanatunga usaha, hilo hata mama yangu alilijua."

Sikubishana naye juu ya mama yake. Nilimwambia usaha ni chembe nyeupe za damu zilizokufa zikiua vijidudu, na chembe zile zenyewe mwili huziunda kwa vyakula vya aina hiyo hiyo anayoirudisha. Kidonda kilichokauka kwa sababu mwenyewe hana kitu mwilini si kidonda kinachopona. Akaniuliza kwa nini basi jirani yake alikula samaki kidonda kikawasha. Nikamweleza kwamba kidonda kinachofunga huwasha, ale asile. Hakuridhika na hilo la pili. Tukakubaliana maziwa na karanga kwanza, ambavyo mama yake hakuvikataza, na mayai tutayazungumza daktari atakapofungua bandeji Ijumaa.

Nimeanza kuuliza kila mgonjwa mwanzoni kabisa: nyumbani kwenu mwenye kidonda hali nini? Dagaa, bamia, mayai, maharage, nyama nyekundu, kila ukoo na lake. Ukiyajua mapema unajenga kapu kwa vilivyobaki. Ukingoja, chakula kinarudi kimyakimya na hesabu yako ni ya uongo.

23 Mei

Bandeji imefunguliwa. Nyama nyekundu changa imejaza nusu ya shimo. Bibi ameleta mayai.

28 Mei

Njaa ya upasuaji. Hili limeniuma kuliko mengine yote.

Kijana mwenye mguu uliosagika alitakiwa kusafishwa kidonda Jumatatu. Aliambiwa asile kuanzia saa sita usiku. Saa tisa alasiri akaambiwa chumba cha upasuaji kina dharura, arudi kesho. Jioni alikula kidogo, saa sita usiku akafunga tena, na Jumanne ikawa vilevile. Jumatano ndipo alipoingia. Mtu ambaye mwili wake unachoma zaidi ya kawaida kwa sababu ya jeraha na homa ameishi siku tatu kwa mlo mmoja mmoja, na hakuna aliyekosea kanuni. Kanuni ndiyo iliyoandikwa vibaya.

Nimezungumza na daktari wa usingizi. Miongozo ya fani yake inasema kufunga kwa muda wa saa 6 kwa chakula chepesi, muda wa saa 2 kwa maji na vinywaji vinavyopenyeza mwanga. Chakula chenye mafuta ndicho kinachotaka saa 8 na zaidi. Hiyo ya "saa sita usiku kwa wote" ni mazoea tu, hurahisisha kazi ya zamu ya usiku. Hakubisha. Alisema wazi kwamba anachoogopa ni mgonjwa kutapika chini ya dawa ya usingizi chakula kikaingia mapafuni, na kwamba hatakubali karanga wala maziwa. Tukakubaliana hivi: orodha ya upasuaji itoke jioni ikiwa na mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho. Wale ambao hawataingia kabla ya saa sita mchana wapewe uji mwembamba usio na karanga wala maziwa saa kumi na moja alfajiri. Maji matupu hadi saa 2 kabla. Na anayeahirishwa apelekewe sahani papo hapo, bila kungoja mlo wa jioni.

Hakuna dagaa wala ubuyu utakaoleta tofauti kubwa kama karatasi hii moja. Nimeiandika kwa herufi kubwa.

4 Juni

Semina fupi kwa wauguzi, mada vitamini C. Nilianza na hadithi kwa sababu saa nane mchana baada ya ugali hakuna anayesikiliza kemia.

Mwaka 1740 msafara wa meli za kivita za Kiingereza chini ya George Anson uliondoka kuzunguka dunia, na mabaharia wakaanza kufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mmoja wao alikuwa amejeruhiwa katika vita vya Boyne kule Ireland, vya 1690. Vidonda vyake vilikuwa vimepona miaka 50 iliyopita. Vikafunguka upya, na mfupa uliokuwa umeunga ukaachana.

Muuguzi mmoja akauliza swali zuri: kovu la miaka 50 linafungukaje? Kwa sababu kovu halimaliziki. Kolajeni yake inabomolewa na kujengwa tena maisha yote. Vitamini C ndiyo inayokiwezesha kimeng'enya kuzifunga nyuzi za kolajeni zikawa imara. Ikikosekana, ubomoaji unaendelea, ujenzi unasimama.

Hadithi ya pili ni ya John Crandon, daktari kijana wa upasuaji kule Boston, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1930 alijinyima vitamini C kwa makusudi ili aone itakuwaje, akachanwa mgongoni. Kidonda cha mwezi wa tatu kilipona kama cha mtu yeyote. Cha mwezi wa sita kilifunga ngozi ya juu, chini hakikushikana. Alipopewa vitamini C kwa mshipa kikapona. Matokeo yalichapishwa 1940. Somo ninalolichukua ni lile la mwezi wa tatu: mwili una akiba, na mtu aliyekuwa anakula vizuri hadi siku ya ajali hahitaji vidonge vya vitamini C vya rangi ya machungwa. Anayevihitaji ni yule aliyeingia akiwa amedhoofu tayari, mlevi, mzee anayeishi peke yake, mtu aliyelala miezi.

Na hata huyo, hapa kwetu ana pera na ubuyu. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200, kama mara nne ya chungwa. Pera moja linatosha siku. Unga wa ubuyu hutofautiana sana mti kwa mti, lakini hata ule hafifu si haba. Sharti ni moja: uwekwe kwenye uji ulioanza kupoa. Ule ubuyu mwekundu uliochemshwa na sukari na rangi ni peremende, tusidanganyane.

9 Juni

Mlenda. Ndugu wanauliza kama unafaa. Unafaa sana ukipikwa na karanga. Majani ya kijani yana vitamini A, ambayo ngozi mpya inaihitaji, na karanga zinaleta mafuta ya kuifyonza. Ila ukikaushwa juani unapoteza vitamini C karibu yote na sehemu ya A. Ukaushwe kivulini. Sina la kuongeza.

12 Juni

Mabishano ya zinki. Daktari aliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo amekuwa akimwandikia zinki kila mwenye bandeji, vidonge vile vya watoto wa kuhara, kwa wingi. Ana hoja: mwaka 1967 Walter Pories na wenzake walichapisha kwamba zinki iliharakisha kupona kwa vidonda vya upasuaji vya vijana wa jeshi la anga la Marekani. Lakini majaribio yaliyofuata kwa watu wenye vidonda vya miguu hayakuona faida kwa wasio na upungufu, na zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe, ukaishia na upungufu wa damu uliojitengenezea mwenyewe.

Swali la kwetu ni jingine. Mtu anayekula ugali wa dona na maharage ana zinki sahani nzima, lakini fiteti iliyomo kwenye pumba na maharage huishika isifyonzwe. Dawa yake iko jikoni: maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, uji upikwe kwa unga wa kimea au uchachushwe kama togwa. Na chai isinywewe pamoja na chakula, maana inazuia madini ya chuma. Mpishi mkuu amekubali kuloweka maharage kwa sababu yanaiva haraka na kuokoa kuni. Kila mtu na sababu yake.

Tumekubaliana na daktari: zinki kwa wenye dalili za upungufu na wanaoharisha, kwa muda maalumu. Si kwa kila bandeji.

16 Juni

Albumini. Daktari huyo huyo (nampenda, anauliza) amepima albumini, protini ya kwenye damu, ya mzee wa kidonda cha kulalia, imekuja chini, anataka kuagiza dripu ya albumini. Wakati wa maambukizi ini hupunguza kutengeneza albumini na iliyopo huvujia nje ya mishipa. Namba hiyo inapima ukali wa ugonjwa kuliko lishe. Ukitaka kujua mzee anakula nini, angalia sahani yake inaporudi jikoni, na pima mkono wake Jumamosi kwa Jumamosi. Fedha ya dripu ile inanunua maziwa ya mwezi.

Mzee mwenyewe hafiki mdomoni kwa mkono. Chakula kilikuwa kinawekwa mezani, kinapoa, kinaondolewa. Kwenye daftari imeandikwa "amekataa kula". Mtoto wake wa kike sasa anaruhusiwa kuingia nje ya saa za kuona wagonjwa, na akimaliza kumlisha humgeuza ubavu. Hilo la kugeuza lina uzito kuliko chakula: kidonda kinachokaliwa hakiponi kwa maziwa.

27 Juni

Baridi imeingia, usiku upepo wa Dodoma unapita kwenye madirisha yasiyofunga. Mtoto aliyeungua kwa uji, kilo 12, anatetemeka. Aliyeungua sana mapigo ya moyo hukimbia na joto la mwili hupanda hata bila maambukizi, maana mwili unachoma akiba usiku na mchana, na baridi ya chumba huongeza moto huo. Kwa hiyo fundi wa madirisha leo ni mtu wa lishe. Mabati mawili na misumari.

Mama yake alikuwa anaogopa kumlisha kwa sababu analia. Protini ya mtoto huyu ni gramu 24 hadi 36 kwa siku, uzito wake mara mbili hadi mara tatu. Uji mzito wa maziwa na karanga iliyosagwa laini, kijiko cha mafuta ndani yake, yai lililovurugwa, ndizi iliyopondwa. Kidogo kidogo kila baada ya saa 2, na kamwe si wakati wa kufunga bandeji, asije akaunganisha chakula na maumivu. Dawa ya maumivu itangulie mlo. Asipofikisha nusu kwa siku mbili tutaweka mpira wa kulishia, na mama ameshaelezwa ili siku ikifika asidhani mtoto anakufa.

3 Julai

Mtoto anakula. Mpira haukuhitajika. Kupandikizwa ngozi wiki ijayo.

10 Julai

Wenye kisukari. Mama mmoja alikuwa ameambiwa mtaani "usile wanga, usile matunda, usile nyama". Kwa miezi alikula mchicha na chai kavu, akakonda, na sukari yake bado ikawa juu kwa sababu dawa zilikuwa zimekwisha. Sukari ikiwa juu chembe nyeupe za damu hupigana vibaya. Lakini kumfungisha mtu si kumtibu. Nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali, robo maharage au samaki, kwa saa zinazoeleweka, na dawa. Figo zake zipimwe kwanza kabla sijampandishia protini, maana kisukari hula figo bila kelele.

Na hapa lazima niandike mpaka wa mradi wangu. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari ya 2019 ilipitia tafiti na kusema protini na vitamini vya nyongeza visitumiwe kwa nia ya kuponesha kidonda badala ya matibabu bora ya kawaida. Mguu ule unaponywa kwa kuondolewa uzito wa mwili juu ya kidonda, damu kufika, maambukizi kudhibitiwa na nyama mfu kukatwa. Chakula kinamzuia mgonjwa asianguke wakati hayo yanafanyika. Nimemwambia muuguzi kiongozi, akasema, "Hilo ulikuwa unalijua tangu Mei." Kweli, lakini sasa limeandikwa.

19 Julai

Karatasi ya kuondokea nyumbani. Watu wanadhani kidonda kikifunga kazi imeisha. Wiki ya tatu kovu lina kama asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Kwenye miezi mitatu linakaribia asilimia 80 na hapo ndipo linapoishia, halirudi mia. Kwa hiyo kapu liendelee nyumbani angalau miezi mitatu. Kijana wa bodaboda ameuliza kama dagaa watatosha, mayai yamepanda bei. Watatosha, konzi mbili badala ya moja.

30 Julai

Ripoti inaandikwa. Michoro ya vidonda tuliyochora kila Jumamosi juu ya plastiki angavu iko kwenye faili, mingi inapungua. Sitaandika kwamba chakula ndicho kilichofanya hivyo. Wakati huo huo gozi za kufungia vidonda zilianza kupatikana kila siku na wagonjwa wakaanza kugeuzwa, na hatukuwa na wodi ya kulinganisha. Nitaandika kile tulichokiona kwa macho: sahani zinarudi jikoni tupu zaidi, wanaoahirishwa upasuaji wanalishwa siku hiyo hiyo, na soda zimepungua getini.

Lililobaki ni wasio na ndugu. Utingo wa lori kutoka mbali hana wa kumletea kapu, na jiko linampa nusu yake ile ile ya gramu 43. Nimezungumza na mama lishe wawili wa nje ya geti. Wako tayari kupika sahani ya mgonjwa kwa vipimo vyetu, dagaa au maharage upawa mbili na yai, na kuingia nayo saa saba. Ustawi wa jamii wanasema wanaweza kulipa kukiwa na saini. Barua iko mezani kwa mganga mfawidhi tangu Alhamisi. Kesho asubuhi nitapita kuuliza.